Bodi ya Daki Iliyoondoa Mvumo Kanisani

Wadogo zangu, kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na pensheni. Mimi sina hata kimoja. Lakini chipu niliyoanza nayo kazi haitengenezwi tena, na ile njia ya kutengeneza bodi kwa pasi ya nguo nimeshastaafu kuitumia, kwa hiyo nimejipa ruhusa. Nikisubiri mvi ziote, nanyi mtakuwa mmeshaharibu bodi zenu kwa makosa yaleyale yaliyoharibu zangu. Nilifikiri sana kama niandike au nisiandike, halafu nikafikiri kama ni vizuri kuwaambia kwamba nilifikiri sana. Tuanze, maana nikiendelea hivi hatufiki.

Wimbo ulio ndani ya simu au laptopu ni namba tupu. Spika haijui namba. Inajua kusukumwa na kuvutwa na umeme, basi. Bibi yangu wa Kilolo anajua Kihehe peke yake, na akienda hospitali lazima apate mtu wa kusimama kati yake na daktari. Daki, ile ambayo vitabu vya Kiingereza vinaiandika DAC, ndiye huyo mtu wa kati. Inapokea namba, inatoa umeme unaopanda na kushuka, na spika inaelewa. Kila laptopu ina daki yake ndani, lakini imebanwa katikati ya kelele za feni, chaja na kioo, na mtu wa kati aliyesimama sokoni hasikii vizuri. Ndiyo maana wengine tunaijenga nje, kwenye bodi yake.

Yangu niliijenga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kanisa la kwetu Kilolo. Tangu nikiwa Sunday school, spika za pale zilikuwa zinavuma. Mmm, asubuhi mpaka ibada inaisha, na tangu waanze kuchomeka laptopu kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ili kwaya iimbie biti, mvumo ukaongezeka. Ya pili ni mama yangu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya elektroniki pale Mbeya, sina ajira, najifunza kazi upya kwenye kibanda cha Fundi Mwambene, Mwanjelwa, kati ya redio zilizofumuliwa na ampilifaya zisizo na wenyewe. Baba mdogo alikuwa amenipatia nafasi Iringa mjini, kwenye ofisi ya mikopo. Mama alinipigia simu akasema maneno machache sana, na mama yangu akisema machache ujue ameshaamua.

"Umesema unatengeneza kitu cha kanisani."

"Ndiyo, mama."

"Basi nakusubiri mpaka sikukuu ya mavuno. Kikifanya kazi, nitanyamaza. Kisipofanya, Jumatatu unaenda kwa baba yako mdogo, na hiyo habari ya waya tunaifunga."

Sikukuu ya mavuno kwetu si siku ya kujaribia vitu. Watu wanaleta kanisani mahindi, maharage, viazi, kuku walio hai, na baada ya ibada vinapigwa mnada uwanjani. Usharika mzima upo. Ukiaibika siku hiyo umeaibika mbele ya kila mtu aliyewahi kukubeba mgongoni.

Nikaanza na pasi.

Njia ilikuwa hivi. Unachora njia za umeme kwenye kompyuta, unachapa kwa printa ya wino wa unga kwenye karatasi inayong'aa, unalaza karatasi juu ya bodi ya shaba, unapiga pasi ya moto. Wino unahama kwenda kwenye shaba. Ukitumbukiza bodi kwenye asidi, shaba isiyo na wino inaliwa, yenye wino inabaki, na hizo ndizo njia zako. Karatasi bora kuliko zote ni ya kalenda. Nilikuwa nimetoka na moja nyumbani.

"Faraja," Fundi Mwambene aliniita akiwa ameinama juu ya redio, "unampiga pasi nani?"

"Kalenda, Fundi."

"Naona ni kalenda. Kalenda ya nani?"

"Ya dayosisi. Ya mwaka juzi."

Akaja kuangalia. Baba Askofu alikuwa amelala kifudifudi juu ya shaba, na mimi nimemkandamiza na pasi mgongoni.

"Mimi Mmoraviani, hainihusu," akasema. "Ila siku mama yako akijua, usinitaje."

Na hapo mjifunze jambo: hata ukicheka, usiinue karatasi kabla haijapoa. Loweka kwenye maji, sugua taratibu kwa kidole kama unamwosha mtoto uso. Picha ya kalenda haihami, wino wa unga ndio unahama. Nililala na wasiwasi kwamba ningekuta Baba Askofu kwenye shaba. Hakuwepo.

Nilichokuta ni kibaya zaidi. Karatasi ikilazwa juu ya shaba inageuza mchoro, kama kioo, kwa hiyo unatakiwa kuchapa mchoro ukiwa umegeuzwa ili ukigeuka tena ukae sawa. Hilo nilijua. Nilijua vizuri mno. Nikageuza kwenye programu ya kuchorea. Kisha nikawaza: je, kama programu haikugeuza? Nikageuza tena kwenye printa, kwa usalama. Mara mbili. Ukigeuza mara mbili ni sawa na hujageuza kabisa. Asidi ilipomaliza kazi yake nilisoma jina langu kwenye kona ya bodi: AJARAF. Mguu wa kwanza wa chipu ulikuwa umekaa upande ambao ulitakiwa kukaa mguu wa mwisho.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Chipu nilikuwa nayo moja, imetoka Dar kwa basi.

"Mlaze chali," Fundi akasema.

"Nani?"

"Huyo chipu. Bodi imegeuka, na yeye mgeuze. Miguu juu, halafu unaikunja irudi chini. Kama mende aliyepuliziwa dawa."

Nilidhani ananitania. Nilichora kwenye karatasi, nikahesabu miguu, nikahesabu tena, nikaona ni kweli: ukilaza chali, kulia kunakuwa kushoto. Nilikunja miguu mmoja mmoja kwa kibanio, pumzi nimeishikilia, nikachomelea. Daki yangu ya kwanza iliimba ikiwa chali. Fundi Mwambene alicheka mpaka akatoka nje ya kibanda kuwaita majirani waje waone mende anayeimba injili.

Tangu siku hiyo naandika neno kwenye kona ya kila bodi. Kwenye karatasi lisomeke kinyumenyume. Kwenye shaba lisomeke sawa. Siku hizi nanyi mnatuma faili China, bodi inarudi imeshapakwa rangi ya kijani, hamjui hata harufu ya asidi. Sawa. Lakini andikeni neno hata hivyo. Nimeshaona bodi nzuri za kijani zilizogeuzwa.

Kuhusu asidi: haipendi baridi, na Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Mara ya kwanza nilisubiri asubuhi nzima, shaba inaniangalia tu. Dawa yake ni kuweka sinia la asidi ndani ya beseni la maji ya moto, nje, penye hewa, na glavu mkononi. Na beseni liwe lako. Mimi niliazima kwa mama wa chipsi wa jirani. Nililirudisha na doa la kahawia lisilotoka, na kwa muda mrefu alikuwa akiniona anaficha sufuria.

Bodi iliyoimba ikiwa chali iliimba, lakini kulikuwa na mchanga kwenye sauti. Ukitega sikio wakati wimbo uko kimya unasikia tsss. Hapo ndipo nilipogombana na Fundi wangu, kwa heshima.

Yeye alikuwa na kanuni aliyorithi kwa aliyemfundisha: upande wa namba na upande wa sauti vitenganishwe kwa mtaro, shaba ya ardhi, ile ambayo umeme unarudia, ikatwe katikati, ili uchafu usivuke. Nami nilikuwa nimekata mtaro kama alivyosema. Ila nilikuwa nimepitisha njia za ishara juu ya huo mtaro, na umeme ukienda lazima urudi, na unapenda kurudi ukiwa chini kabisa ya njia uliyoendea. Ukikuta mtaro, unazunguka mbali, na katika kuzunguka ndiko unakookota kelele.

"Fundi, tuuzibe."

"Nimekata mitaro tangu hujazaliwa."

"Najua. Ila njia zetu za zamani hazikuvuka mtaro. Hizi zinavuka."

"Kama zinavuka, mtaro una kosa gani? Mwenye kosa si anayevuka?"

Nikafikiri siku mbili. Nilirudi na bodi mpya mbili ndogo, moja ina mtaro, moja haina, vitu vingine vyote sawa. Tulisikiliza kwa zamu, yeye amefumba macho, mimi nachomeka bila kumwambia ipi ni ipi. Kila mara alinyooshea kidole ile isiyo na mtaro. Nilipomwambia, alifumbua jicho moja.

"Hii," akasema, "usiwaambie mafundi wa mtaa wa pili." Kisha akachukua ile yenye mtaro akaitundika ukutani kwa msumari, na mteja akiuliza ni nini anasema ni somo.

Mengine yaliyosafisha ile sauti ni madogo, ila ndiyo kazi yenyewe. Kapasita ya chipu ikae mguuni kwa chipu. Chukulieni ni ndoo ya maji jikoni: mpishi anaposhtuka moto umezidi hawezi kukimbilia kisimani. Nilikuwa nimeziweka kapasita zangu mahali zilipopendeza, zimepanga mstari mzuri kama watoto wa gwaride, mbali na jiko. Saa ya bodi, ile fuwele inayopiga mapigo, nayo ikae karibu, njia fupi, isipite jirani na waya wa sauti. Umeme wa kuingia uchujwe kabla haujagawanywa. Na pima. Nilipima kila mguu wa kila kitu kabla ya kuwasha, tena na tena, mpaka Fundi akasema, "Wewe hata chai unaweza kuitia mita." Lakini tazameni: bodi niliyoijenga baada ya hapo haikutoa moshi, haikugeuka, haikuwa na mchanga. Iliwaka mara ya kwanza. Woga wangu, ambao nyumbani wanausema kama ugonjwa, ulikuwa umeketi pale mezani unafanya kazi.

Kulikuwa bado na mvumo wa kanisa. Ule haukutoka ndani ya daki. Laptopu inakula umeme ukuta mmoja kupitia chaja yake, mikisa inakula ukuta mwingine, na ukiviunganisha kwa waya wa sauti unakuwa umefunga kitanzi kikubwa cha ardhi, umeme unazunguka humo. Mafundi wengi wanakata mguu wa ardhi kwenye plagi. Msifanye. Mvumo unaisha, ila siku waya ukigusa bati la mashine, anayekwisha ni mtu. Hapa Fundi Mwambene alinishinda bila maneno. Alivuta boksi chini ya meza, akatoa mikisa iliyokufa, akanionyesha transfoma mbili ndogo za sauti ndani yake. Sauti inapita kwa sumaku, shaba haigusi shaba, kitanzi kinakatika. Nikaziweka mlangoni pa kutokea pa bodi. Nikafunga kila kitu kwenye kopo la chuma la biskuti, nikapanda basi kwenda Iringa, kopo mapajani, na kutoka hapo Kilolo.

Jumamosi nilifunga mitambo, mimi tu na mzee wa kanisa mwenye funguo. Niliwasha. Spika kimya. Niliweka sikio kwenye kitambaa cha spika: kimya kama ukuta. Nilichomoa na kuchomeka mara kadhaa kwa sababu sikuamini. Mzee aliniuliza kama imeharibika. Nikacheza wimbo mmoja. Akasema, "Kumbe."

Jumapili. Kanisa limejaa, mahindi yamepangwa mbele mpaka madhabahuni, kuku wanalalamika chini ya viti. Kwaya ikasimama. Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Luhwago, alikuwa ameifundisha ile kwaya tangu mama yangu hajaolewa. Wimbo wa kwanza kwetu huimbwa bila ala, sauti tupu. Mwalimu akainua mikono.

Hakuna kilichotokea.

Mikono iko juu. Kwaya imevuta pumzi, imeishikilia. Mama yangu yuko mstari wa mbele, sauti ya kwanza, ananiangalia. Mwalimu akageuza kichwa kwangu taratibu.

"Binti, washa mashine."

"Imewaka, Mwalimu."

"Mbona haisemi?"

"Haitakiwi kusema, Mwalimu. Ndiyo imetengenezwa."

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Mwalimu akashusha mikono, akaja mpaka mezani kwangu, akainama.

"Faraja, mwanangu," akanong'ona, "sasa do naitoa wapi?"

Kichwani nilipita kila kosa nililowahi kuliogopa: chipu, saa, transfoma, ardhi. Halafu nikaelewa kwamba hakuna kosa. Kwaya ile, miaka yote, ilikuwa inachukua do, noti yake ya kuanzia, kwenye mvumo. Umeme wetu unatetema mara hamsini kwa sekunde, na mvumo wa spika huja mara mia, na mara mia ni noti, tena nzuri, unaweza kuimbia. Mwalimu hakuwa na kinanda wala uma wa kupimia sauti. Alikuwa na ile mmm. Anaisikiliza, anaipandisha mdomoni, anagawa: soprano huku, besi kule. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuona kwamba ni jambo la kuambia. Na mimi nilikuwa nimekuja kutoka Mbeya na kopo la biskuti kumfutia noti yake mbele ya usharika mzima, siku ya mavuno.

Kwenye laptopu nina programu ya kutoa sauti moja iliyonyooka, ya kupimia bodi. Ninaandika namba, inaimba namba hiyo. Nikaandika mia. Nikapandisha sauti kidogo. Mmm, ila safi, bila mchanga, bila kukwaruza.

Mstari wa besi ukageuka wote. "Yenyewe!" mmoja akasema kwa sauti, na kanisa likacheka tena, cheko jingine.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini ninyi mnanijua, kichwa changu hakiishii.

"Mwalimu," nikasema, "siyo lazima iwe hii. Naweza kukupa do yoyote unayotaka."

"Yoyote?"

"Juu, chini. Unayotaka."

Mtu aliyepewa do moja maisha yake yote hajui aanzie wapi kuchagua. Sauti ikatoka mstari wa mbele, na niliijua kabla sijainua uso.

"Shusha!" Mama akasema. "Mwalimu, mwambie ashushe. Huko juu tumelia miaka mingapi?"

"Mama Faraja, tuko ibadani," Mwalimu akasema.

"Ndiyo naomba, Mwalimu. Si ibada ni mahali pa kuomba?"

Nikashusha. Kidogo, kidogo tena. Soprano wote walikuwa wananitazama kama watu wanaotazama mtu anayepunguza moto chini ya sufuria. "Hapo," akasema mmoja. "Kidogo tu," akasema Mama. Nikashusha kidogo tu. "Hapo!" wakasema pamoja. Mwalimu akasikiliza, kichwa ameinamisha, akaipandisha mdomoni, akagawa. Nikazima sauti yangu. Kanisa likawa kimya kabisa, kimya ambacho lile jengo halikuwahi kuwa nacho tangu walipoingiza umeme. Akainua mikono.

Wadogo zangu, nimesikia ile kwaya tangu nikiwa tumboni. Sikuwa nimewahi kusikia maneno ya ubeti wa pili. Besi walikuwa na mahali pa kusimama, soprano hawakupiga kelele hata mara moja, na alto, ambao sikujua hata kama wapo, walikuwepo. Walipofika mwisho walishikilia noti ndefu, wakaiachia, na baada yake hapakuwa na mmm ya kuifunika. Kuku mmoja akalia. Halafu makofi, vigelegele, mtu anapiga debe la mahindi kama ngoma. Walipoimba na biti kutoka kwenye bodi yangu watu walisimama, wengine walicheza mpaka mbele, na mchungaji alirudia sadaka bila mtu kunung'unika.

Baada ya ibada Mwalimu Luhwago alinishika mkono, hakuuachia.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Tulialikwa usharika wa jirani, umeme ukakatika, wakawasha jenereta. Soprano wakakauka sauti siku hiyohiyo. Tulilaumu baridi, tukalaumu maziwa tuliyopewa njiani. Jenereta ilikuwa inakimbia!"

"Ilikuwa inakimbia, Mwalimu, mvumo ukapanda juu. Do yako ilikimbia nayo."

"Nikaimba na jenereta," akasema, akacheka hadi akakaa kwenye gunia la mtu. Kisha akauliza kama hicho kikopo kinabaki. Nikasema kinabaki. Akauliza nani atakuwa anakiangalia kikiumwa. Wazee wawili wa kanisa la Kalenga waliokuja kama wageni walikuwa wamesogea, wakauliza swali hilohilo kuhusu spika zao.

Nilimkuta Mama nyuma ya kanisa, mnada umeshaanza, watu wanapandishiana bei ya jogoo. Alikuwa na simu sikioni, kidole kwenye sikio la pili.

"Kamwene, shemeji. Eeh. Ile nafasi ya Jumatatu mpe mtoto mwingine… Hapana, hajakataa, mimi ndiye nimekataa… Kazi anayo. Kazi gani?" Akaniangalia, akatafuta neno, asilione, akaangalia kanisa. "Shemeji, wewe njoo Jumapili ijayo uketi. Utasikia mwenyewe ninavyoimba."